Karatasi Moja, Kura Mbili: Jinsi Wajerumani Wanavyolichagua Bunge Lao

Tarehe 23 Februari 2025 Wajerumani walichagua Bunge jipya, na matokeo yake yaliwachanganya wengi walioyafuatilia kutoka Afrika Mashariki. Vyama ambavyo kura zao kwa pamoja hazikufika nusu viliunda serikali yenye wingi bungeni. Chama kingine kilipigiwa kura na watu karibu milioni 2.5 na hakikuambulia hata kiti kimoja. Wagombea 23 waliongoza katika maeneo yao, kisha wakaambiwa kwamba hawaendi Berlin. Na Friedrich Merz, ambaye baadaye alikuja kuwa Kansela, hakuwamo kabisa kwenye karatasi za kura za sehemu kubwa ya nchi.

Hapakuwa na wizi wowote. Ndivyo sheria ilivyoandikwa, na mtu akiielewa, kila tukio kati ya hayo linaeleweka. Makala haya ni ya Mswahili aliyehamia Hamburg au Köln na sasa anakaribia kupata uraia. Ni ya mwanafunzi wa siasa Dodoma au Eldoret. Ni ya yeyote anayesikia habari za Ujerumani na kujiuliza wenzetu wanachaguaje. Ushauri wangu wa kwanza unabeba mengine yote: ukitaka kuuelewa uchaguzi wa Ujerumani, tazama kura ya pili.

Nani anapiga kura

Kura ya Bunge la Shirikisho, Bundestag, hupigwa na raia wa Ujerumani aliyetimiza miaka 18 na aliyeishi nchini humo angalau miezi mitatu. Raia walioko ng'ambo wana masharti yao. Kibali cha kuishi hakitoshi, hata kiwe cha kudumu. Hadhi ya ukimbizi haitoshi, wala miaka ishirini ya kulipa kodi. Raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya hushiriki uchaguzi wa serikali za mitaa, lakini wa Bunge hawashiriki.

Kwa hiyo mlango ni uraia. Tangu tarehe 27 Juni 2024 sheria inaruhusu kuuomba baada ya miaka mitano ya kuishi nchini kihalali badala ya minane, na Ujerumani haimlazimishi tena mwombaji kuukana uraia wake wa awali. Lakini kabla hujatia saini, angalia sheria ya nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakubali uraia pacha. Tanzania haiukubali kwa mtu mzima, na Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo inasema uraia wa nchi hiyo ni mmoja tu, hauchanganywi na mwingine. Watu wameukosea uamuzi huu kwa kusikiliza maneno ya vijiweni, kwa hiyo ulizia ubalozini.

Raia hahitaji kupanga foleni ya kujiandikisha kupiga kura. Kila mkazi wa Ujerumani analazimika kuiarifu manispaa anwani yake, na daftari la wapiga kura hutolewa kwenye kumbukumbu hizo hizo. Barua ya kumjulisha mpiga kura kituo chake inapaswa kumfikia angalau siku 21 kabla ya uchaguzi. Isipofika, nenda manispaa mara moja, kwa maana muda wa kulikagua daftari ni mfupi. Ikifika na ukaipoteza, usihangaike: ukiwa umo kwenye daftari, kitambulisho au pasipoti inatosha. Siku ya kura ni Jumapili au sikukuu, na vituo hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kidole hakipakwi wino. Kupiga picha ndani ya kibanda ni marufuku.

Anayetaka kupiga kura kwa posta huomba bila kutoa sababu yoyote, na mwaka 2025 zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura walifanya hivyo. Kuna hatari mbili. Karatasi ya kura hutiwa kwenye bahasha ya ndani, na bahasha hiyo huwekwa ndani ya nyingine ya nje pamoja na tamko lenye saini. Ukiisahau saini, kura yako haihesabiwi. Tena inayotambuliwa ni bahasha iliyofika kabla ya saa kumi na mbili jioni siku ya uchaguzi. Iliyochelewa njiani hutupwa, hata kama uliituma mapema.

Safu mbili

Karatasi ya kura ina safu mbili. Ya kushoto, iliyochapwa kwa rangi nyeusi, ni ya kura ya kwanza. Ya kulia, ya rangi ya samawati, ni ya kura ya pili. Unatia alama ya msalaba mmoja kila upande. Ukitia misalaba miwili upande mmoja, kura ya upande huo imeharibika, lakini ya upande wa pili hubaki salama. Ukiuacha upande mmoja wazi, mwingine bado utahesabiwa. Na hulazimiki kufuata chama kimoja: unaweza kumpa kura ya kwanza mgombea wa chama hiki na kura ya pili chama kile.

Kura ya kwanza tunaijua sote. Nchi imegawanywa katika maeneobunge 299, na katika kila moja anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye anayeongoza, hata asipofika nusu. (Nasema maeneobunge kama Wakenya wasemavyo, ili neno majimbo libaki kwa majimbo 16 yanayounda shirikisho, kama vile Bavaria, Saxony na Berlin.)

Kura ya pili hupewa chama, kwa orodha ya wagombea ambayo chama hicho kimeiwasilisha katika jimbo lako. Jina lake linawadanganya wengi, wakiwemo Wajerumani wenyewe, wakadhani ni ya akiba. Ndiyo yenye uzito. Bunge lina viti 630, na viti hivyo hugawanywa kwa vyama kulingana na kura za pili zilizojumlishwa nchi nzima. Chama kilichopata robo ya kura za pili zinazohesabika kinapata takribani robo ya viti, kiwe kimeongoza katika maeneobunge mia au hakijaongoza hata katika moja. Kisha viti vya kila chama husambazwa kwenye majimbo kulingana na mahali kura zake zilikotoka. Katika kila jimbo wanaotangulia kuketi ni wale walioongoza maeneobunge, na nafasi zinazobaki hujazwa kwa orodha, kuanzia jina la juu kushuka chini.

Ndipo ilipo siri ya wale 23. Zamani chama kikiongoza katika maeneobunge mengi kuliko viti vilivyostahili kura zake za pili, kilibaki na viti vya ziada, na vyama vingine vikaongezewa ili uwiano usivunjike. Bunge likawa linanenepa kila uchaguzi. La 2021 lilianza na wabunge 736. Sheria ya 2023 ikaweka kikomo cha 630 na kukata: chama kikiwa na washindi wengi kuliko viti vyake katika jimbo, wenye asilimia ndogo zaidi ya kura za kwanza hawaketi. Volker Ullrich wa chama cha CSU, mbunge tangu 2013, aliongoza Augsburg mwaka 2025 na akabaki nje.

Nami naona hasira ya watu wa Augsburg ina haki yake. Ni vigumu kumweleza mpiga kura kwamba mtu aliyeongoza hapo mtaani kwake hakushinda. Lakini hesabu ya zamani nayo ililipwa na walipa kodi wote, na Bunge lisilo na kikomo lilikuwa linageuka kuwa moja ya mabunge makubwa zaidi duniani. Vyama vilivyounda serikali mwaka 2025 vimekubaliana kuitazama sheria hiyo upya, kwa hiyo anayejiandaa kwa uchaguzi ujao asiyategemee makala haya pekee kwa kipengele hicho.

Kizingiti cha asilimia 5

Si kila chama kinachoingia kwenye mgawo wa viti. Lazima kipate angalau asilimia 5 ya kura za pili nchi nzima, au kiongoze katika maeneobunge matatu. Vyama vya jamii za walio wachache zilizotambuliwa, kama Wadenmark wa kaskazini, vimesamehewa kizingiti. Ndiyo maana chama chao, SSW, kina mbunge mmoja.

Msomaji wa Tanzania asione ni jambo geni. Katiba yetu nayo inataka chama kipate angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge ndipo kigawiwe viti maalum vya wanawake. Tofauti ni kwamba huko Ujerumani kizingiti kinaamua karibu Bunge zima.

Sababu yake ni ya kihistoria na ya uchungu. Jamhuri ya Weimar, iliyotangulia udikteta wa Hitler, ilikuwa na Bunge lililogawanyika vipande vipande, serikali zake zikianguka moja baada ya nyingine, hadi Januari 30, 1933 Hitler alipoteuliwa kuwa Kansela. Walioandika Katiba ya 1949 na sheria zilizofuata walikuwa wameyaona hayo kwa macho yao. Hawakutaka tena Bunge linaloweza kuangusha lakini lisiloweza kujenga.

Ngazi ya maeneobunge matatu si pambo. Mwaka 2021 chama cha Die Linke kilipata asilimia 4.9 tu, lakini kiliongoza katika maeneobunge matatu, kikaingia bungeni na viti 39. Sheria ya 2023 iliifuta ngazi hiyo. Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe ikaamua Julai 2024 kwamba iendelee kutumika mpaka Bunge litunge utaratibu mwingine unaofaa.

Sasa chukua kalamu tuirudie hesabu ya 2025. Vyama vya CDU na CSU vilipata asilimia 28.5, AfD 20.8, SPD 16.4, chama cha Kijani 11.6 na Die Linke 8.8. Chama cha FDP kilipata 4.3, na BSW, chama kipya cha Sahra Wagenknecht, kikapata 4.98. BSW kilipungukiwa na kura zisizofika 10,000 katika nchi ambako watu karibu milioni 50 walipiga kura. Kura zote za vyama vilivyobaki chini ya kizingiti hazikuhesabiwa katika mgawo, na jumla yake ilikuwa karibu 14 kati ya kila 100. Kwa sababu hiyo CDU, CSU na SPD, walioungana kuunda serikali, wakiwa na asilimia 44.9 tu ya kura zote, walipata viti 328 kati ya 630, wakati wingi unaotakiwa ni 316. Lau BSW ingevuka, viti vyake vingetoka kwa wengine wote, na mseto huo usingekuwa na wingi.

Naiunga mkono hoja ya kuwa na kizingiti. Lakini kura 14 kati ya 100 ni bei kubwa mno kwa utulivu, na nadhani kiwango cha asilimia 3 au 4 kingelinda Bunge bila kuwanyamazisha watu mamilioni.

Kansela hachaguliwi na wananchi

Sisi tumezoea kumpigia rais kura moja kwa moja. Ujerumani ina Rais pia, lakini madaraka ya kuendesha serikali yako kwa Kansela, na Kansela huchaguliwa na Bunge. Merz aligombea eneobunge la Hochsauerlandkreis, katika jimbo la North Rhine-Westphalia. Mpiga kura wa Leipzig au München hakuliona jina lake. Tena wakazi wa Bavaria hawaioni hata CDU kwenye karatasi, kwa kuwa huko anasimama ndugu yake CSU, ambaye hagombei popote nje ya Bavaria. Vyama hivyo viwili huketi bungeni kama kundi moja.

Uchaguzi ukimalizika huanza mazungumzo ya serikali ya mseto, ambayo huchukua wiki na hata miezi. Serikali ya zamani huendelea na kazi. Wanaokubaliana huandika mkataba, kisha Rais hupendekeza jina bungeni, na wabunge hupiga kura ya siri. Anahitaji wingi wa wabunge wote, wakiwemo wasiohudhuria. Mei 6, 2025 Merz alipata kura 310 katika duru ya kwanza, sita pungufu, ingawa mseto wake ulikuwa na viti 328. Hilo halikuwahi kumtokea mteule yeyote tangu 1949. Duru ya pili ilifanyika siku ile ile, akapata 325.

Kumwondoa Kansela ni kugumu kwa makusudi. Bunge haliwezi kusema tu "hatumtaki". Lazima lichague mwingine papo hapo kwa wingi wa wabunge wote. Mwaka 1972 jaribio dhidi ya Kansela Willy Brandt lilishindwa kwa kura mbili. Mwaka 1982 Helmut Kohl alimwondoa Helmut Schmidt kwa njia hiyo, na hadi leo ni mara moja tu imefaulu. Njia nyingine ni Kansela mwenyewe kuomba kura ya imani na kuikosa, kama alivyofanya Olaf Scholz Desemba 16, 2024 baada ya mseto wake kuvunjika. Hapo Rais anaweza kulivunja Bunge, na uchaguzi lazima ufanyike ndani ya siku 60. Ndiyo sababu Wajerumani walipiga kura katika baridi ya Februari wakati uchaguzi wa kawaida ulipangwa Septemba.

Majimbo yako wapi katika haya?

Yako kila mahali. Orodha za vyama ni za majimbo, na kazi ya kuendesha uchaguzi iko mikononi mwa majimbo na manispaa. Msimamizi mkuu wa kitaifa huratibu na kutangaza.

Kando ya Bundestag liko Baraza la Majimbo, Bundesrat, lenye kura 69. Hakuna mwananchi anayelichagua moja kwa moja. Serikali ya kila jimbo hutuma wawakilishi wake, na jimbo lina kura tatu hadi sita kulingana na idadi ya watu. Kwa hiyo unapochagua bunge la jimbo lako, kwa ratiba ya jimbo lako, unaigusa pia siasa ya taifa: serikali mpya ya jimbo inabadilisha kura za jimbo hilo katika Baraza. Kansela anaweza kushinda Berlin na bado akakwamishwa na majimbo kwenye sheria zinazohitaji idhini yao.

Kura za jimbo moja haziruhusiwi kugawanyika. Machi 2002, kwenye sheria ya uhamiaji, wawakilishi wawili wa jimbo la Brandenburg walijibu tofauti mbele ya Baraza, mmoja ndiyo, mwingine hapana. Klaus Wowereit, aliyeongoza kikao, akaihesabu kuwa ndiyo, na sheria ikapita. Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ikaibatilisha yote. Mkenya ataitambua kanuni hii, kwa kuwa katika Seneti ya Kenya pia ujumbe wa kila kaunti una kura moja kwenye miswada inayozigusa kaunti.

Kura zinavyohesabiwa

Hapa ndipo ninapowaonea wivu Wajerumani waziwazi. Saa kumi na mbili jioni kituo kinafungwa kwa upigaji kura, lakini mlango unabaki wazi. Mtu yeyote anaweza kuingia na kutazama karatasi zikimwagwa mezani na kuhesabiwa. Hahitaji kuwa wakala wa chama, hahitaji kitambulisho cha mwangalizi. Wanaohesabu ni raia wa kawaida, walimu, wastaafu, wanafunzi, zaidi ya laki sita nchi nzima, wakilipwa posho ndogo tu ya siku hiyo.

Takwimu zinazotangazwa dakika ile ile ya kufunga vituo ni makadirio ya wanaowahoji watu wakitoka kupiga kura, si matokeo. Matokeo ya awali hutoka usiku ule au alfajiri, na ya mwisho wiki kadhaa baadaye, baada ya kumbukumbu za vituo kukaguliwa.

Nchi hii ya viwanda inapiga kura kwa kalamu na karatasi, na si kwa kukosa mitambo. Mwaka 2005 wapiga kura wapatao milioni 2 walitumia mashine za kielektroniki. Baba na mwanawe wakapeleka malalamiko, na Machi 3, 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba matumizi yale yalikiuka Katiba, ingawa haikuona ushahidi wa udanganyifu na haikuyafuta matokeo. Hoja yake ilikuwa kwamba raia asiye na utaalamu wowote lazima aweze kuthibitisha mwenyewe hatua muhimu za uchaguzi. Mkenya aliyesikia kilio cha "fungueni seva" baada ya uchaguzi wa mwaka 2017 ataelewa uzito wa hoja hiyo bila kuelezwa zaidi.

Ukiwa na malalamiko

Mpiga kura yeyote anaweza kuyapinga matokeo. Huandika barua kwa Bundestag lenyewe ndani ya miezi miwili tangu siku ya kura, bila ada. Bunge likimkatalia, ana haki ya kwenda Karlsruhe. Kasoro peke yake haitoshi. Lazima iwe ya aina inayoweza kubadilisha mgawo wa viti.

Berlin ilionyesha kwamba njia hiyo si ya maandishi tu. Septemba 26, 2021 jiji hilo lilifanya chaguzi kadhaa siku moja, na mbio za marathoni siku hiyo hiyo. Karatasi za kura ziliisha katika baadhi ya vituo, vingine vikaletewa karatasi za eneo lisilo lao, na foleni zikaendelea muda mrefu baada ya saa ya kufunga. Uchaguzi wa jimbo la Berlin ulirudiwa wote Februari 2023 kwa amri ya mahakama ya jimbo, na jiji likapata meya kutoka chama kingine. Kwa uchaguzi wa Bundestag, Karlsruhe iliagiza marudio katika vituo 455 kati ya 2,256 vya Berlin, yakafanyika Februari 11, 2024, wakati Bunge lilikuwa limekwisha kufanya kazi zaidi ya miaka miwili. FDP ikapoteza kiti kimoja, na Bunge likashuka kutoka wabunge 736 hadi 735.